Kupanda na Kushuka: Maelezo juu ya Lugha ya Habari za Bei

Kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania hutoa hesabu ya bei za vitu, na hesabu hiyo husomwa redioni, huandikwa magazetini na huenezwa kwa simu. Mara nyingi habari ifikapo kwa msikilizaji huwa imekwisha kufupishwa ikawa maneno manne tu: mfumuko wa bei umeshuka. Mwanamke aliye jikoni huyasikia, kisha huchukua kikapu chake akaenda sokoni, na huko akaukuta unga, mchele na mafuta ya kupikia kwa bei ile ile ya juzi, au kwa bei iliyozidi kidogo. Hapo hutokea moja katika mambo mawili: ama ataona kuwa aliyetoa habari amesema uongo, ama ataona kuwa aliyeshika mizani ni mwizi. Yamkini wote wawili wamesema kweli, na kosa liko katika usemi uliowafikisha hapo.

Jambo hili si dogo. Nchi ambayo hotuba ya bajeti yake husomwa bungeni kwa Kiswahili, na ambayo mkulima, mchuuzi na mfanyakazi wake hupata habari za uchumi kwa Kiswahili, huyajenga au huyabomoa maelewano baina ya watu wake kwa maneno hayo hayo. Kwa hiyo yafaa wajuzi wa lugha wayatazame, si kwa umbo lake tu, bali kwa kazi yanayoifanya sokoni. Maelezo yafuatayo yahusu hasa vitenzi viwili, kupanda na kushuka, na majina machache yanayofuatana navyo.

I. Neno mfumuko

Kwa umbo lake, neno mfumuko latokana na kitenzi kilicho cha zamani sana katika lugha. Fuma ni kazi ya mfumaji wa nguo. Kutoka fuma hupatikana fumua, yaani kutengua kilichofumwa au kilichoshonwa. Na kutoka fumua hupatikana fumuka, yaani kuachia. Mshono hufumuka, ukili hufumuka. Na watu waliokusanyika wakiondoka kila mmoja kwa njia yake, husemwa kuwa wamefumukana. Mfumuko basi ni hali ya kitu kilichokuwa kimeshikana kuanza kuachana. Katika Kenya neno hilo huandikwa mara nyingi mfumko, irabu moja ikiwa imemezwa katika matamshi. Maana ni ile ile.

Lugha za Ulaya zimechukua mfano mwingine. Neno lao lina asili ya Kilatini lenye maana ya kupuliza, kama apulizavyo mtu kibofu. Kibofu kilichojaa upepo chaweza kutolewa upepo, kikarudi kama kilivyokuwa. Mshono uliofumuka haurudi wenyewe. Ukifumuka kwa haraka leo, na kesho ukafumuka polepole, hakuna asemaye kuwa kesho nguo imeshonwa. Tundu la kesho ni kubwa kuliko la leo, ingawa limepanuka kwa kiasi kidogo zaidi. Ikitazamwa hivyo, Kiswahili kimechagua mfano ulio karibu na ukweli wa mambo kuliko ule wa lugha zilizotangulia kulitumia wazo hili.

Ikiwa ni hivyo, kosa latoka wapi? Latoka katika kitenzi kinachowekwa baada ya jina. Neno bei lina vitenzi vyake tangu zamani: bei hupanda, bei hushuka. Msikilizaji asikiapo "mfumuko wa bei umeshuka", sikio lake huyakamata maneno mawili ayajuayo vizuri, bei na kushuka, nalo lile lililo geni hupita kama upepo. Abakiwa na habari kwamba bei zimeshuka. Si ujinga wake. Ndivyo masikio ya watu yote yafanyavyo kazi.

II. Hesabu yenyewe

Kwa kuwa mambo haya ni ya hesabu, ni vema kuanza na mfano mdogo wa kubuni. Kilo moja ya sukari ilikuwa shilingi 2,000. Baada ya mwaka ikawa 2,200. Imeongezeka kwa 10 kwa mia. Baada ya mwaka wa pili ikawa 2,310. Mara hii imeongezeka kwa 5 kwa mia. Mfumuko umepungua nusu, kutoka 10 hadi 5. Lakini mnunuzi amelipa shilingi 110 zaidi ya mwaka uliopita, na 310 zaidi ya mwaka wa kwanza. Ili sukari irudi katika shilingi 2,000, haitoshi mfumuko upungue. Sharti uende chini ya sifuri, jambo ambalo ni nadra, na ambalo lina madhara yake kwa mkulima na mwenye kiwanda.

Sasa zitazamwe hesabu za kweli. Katika Tanzania wastani wa mfumuko wa bei kwa mwaka 2022 ulikuwa 4.3 kwa mia. Mwaka 2023 ukawa 3.8, mwaka 2024 ukawa 3.1. Mwaka 2023 na mwaka 2024 habari iliweza kusema, bila uongo wowote, kwamba mfumuko umeshuka. Lakini ongezeko moja hupandana juu ya jingine. Vitu vilivyonunuliwa kwa shilingi 10,000 mwaka 2021 vilihitaji takriban shilingi 11,160 mwaka 2024. Katika Kenya wastani ulikuwa karibu 7.7 kwa mia mwaka 2023, ukapungua hadi 4.5 mwaka 2024, na huko pia upungufu huo haukuirudisha nyuma bei ya jumla hata kwa senti moja.

Linalofuata latokana na jinsi hesabu hiyo inavyotengenezwa. Wenye kazi ya takwimu hutengeneza kapu la vitu na huduma, kila kitu kikapewa uzito wake kwa kadiri watu wa nchi nzima wanavyokitumia: chakula, kodi ya nyumba, nauli, mavazi, dawa, karo na vinginevyo. Kapu la Tanzania linalotumika sasa lina mwaka 2020 kuwa msingi wake, na ndani yake chakula na vinywaji visivyo vileo ni zaidi kidogo ya robo ya uzito wote. Lakini nyumba iliyo maskini haina kapu la namna hiyo. Nusu ya fedha zake, au zaidi, huishia katika unga, maharage, mafuta na mkaa. Mahindi yakipanda na bei ya simu ikatulia, kapu la taifa huonyesha utulivu, na kapu la nyumba ile huonyesha dhiki. Hesabu ni ya kweli kwa nchi. Si lazima iwe ya kweli kwa kila chungu kilicho mekoni.

Mshahara nao huingia hapa. Kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma wa Tanzania kiliongezwa mwaka 2022 kikawa shilingi 370,000 kwa mwezi, na hakikuongezwa tena hadi Julai 2025, kilipofanywa 500,000. Katika muda huo namba ilisimama, lakini bei hazikusimama. Kwa hesabu za 2023 na 2024 zilizotajwa hapo juu, shilingi 370,000 za mwaka 2024 zilinunua vitu ambavyo mwaka 2022 vingalinunuliwa kwa takriban shilingi 345,700. Mtumishi aliyedai nyongeza katika miaka hiyo hakuwa mlafi. Na kama angalijibiwa kuwa mfumuko umeshuka, hilo lisingalikuwa jibu la dai lake, maana kushuka kwa mfumuko hakukurudisha kilichokwisha kupunguzwa.

III. Shilingi imeshuka, namba imepanda

Kitenzi kushuka chaleta tatizo la pili katika habari za fedha za kigeni. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa takriban shilingi 2,300 za Tanzania. Mwishoni mwa mwaka huo kwa takriban 2,500. Namba imepanda, na habari yasema kwamba shilingi imeshuka. Mfanyabiashara aagizaye vitenge au vipuri kutoka ng'ambo haoni ugumu, maana yeye hununua dola na kuiona kama bidhaa. Lakini kwa mwanafunzi, au kwa mzee asomaye gazeti, namba na kitenzi vinakwenda pande mbalimbali. Usemi ulio salama ni kutaja kinachonunuliwa: dola imepanda bei, au kwa shilingi zile zile hupatikana dola chache zaidi. Thamani ya fedha haionekani kwa macho. Kinachoonekana ni idadi ya shilingi inayotolewa mkononi.

Hapa Kiswahili kina nguvu ambayo bado haijatumiwa ipasavyo. Lugha yaweza kusema shuka, shusha na shushwa. Panda, pandisha na pandishwa. Tofauti hizi si za sarufi tu. Asemaye kuwa thamani ya shilingi imeshuka, hamtaji mtu yeyote. Ni kama maji yaliyoshuka mtoni. Asemaye kuwa imeshushwa, asema kuwa yuko aliyeishusha, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani na kwa sababu gani. Mwaka 1986, Tanzania ilipoanza mpango wa kurekebisha uchumi pamoja na Shirika la Fedha la Kimataifa, thamani ya shilingi ilishushwa kwa uamuzi wa Serikali. Mwaka 2023, dola zilipoadimika, thamani ilishuka zaidi kwa nguvu ya soko. Kuyaita mambo hayo mawili kwa kitenzi kimoja ni kuyafanya kuwa jambo moja.

Ndivyo ilivyo katika nauli na mafuta. Nauli ya mabasi ya mjini hupandishwa: yako mamlaka yanayosikiliza maoni, yakaamua, yakatangaza. Bei ya petroli nayo hutangazwa kila mwezi na mamlaka ya nishati na maji, na watu wengi husema kwamba mamlaka imepandisha. Lakini sehemu kubwa ya mabadiliko yake hutoka katika soko la dunia na katika bei ya dola, na mamlaka huhesabu tu mwisho usiopasa kupitwa. Mwandishi wa habari achaguapo kati ya imepanda na imepandishwa huwa amekwisha kutoa hukumu juu ya mwenye lawama, hata kama hakukusudia.

IV. Riba

Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania imekuwa ikiendesha kazi yake ya kuzuia bei kwa kutangaza riba yake. Riba hiyo ilianza kwa 5.5 kwa mia. Aprili 2024 ikafanywa 6. Julai 2025 ikateremshwa kuwa 5.75. Maana yake kwa maneno mepesi ni hii. Mabenki hukopeshana fedha kila siku, na Benki Kuu hukusudia mikopo hiyo iwe karibu na riba iliyotangazwa. Ikitaka fedha ziwe ghali, watu wakope kidogo na bei zitulie, huipandisha. Ikitaka biashara ichangamke, huiteremsha.

Mchuuzi asikiapo kuwa riba ni 6 kwa mia, hukumbuka kuwa benki yake ilimtoza karibu 15, ambayo kwa miaka hiyo ndiyo iliyokuwa riba ya kawaida ya mikopo nchini, au zaidi ya hapo. Kwake yeye habari hiyo ni fumbo au ni dhihaka. Na chini yake yeye yuko mwingine, mama auzaye vitumbua au mboga, asiye na hati ya nyumba wala ya shamba, ambaye hukopa kwa watu wahesabuo malipo kwa siku au kwa juma. Mikopo hiyo watu wenyewe wameipa jina: kausha damu. Hakuna kamati ya istilahi iliyokaa kulitunga, na hakuna asiyelielewa. Lasema kiasi, lasema maumivu, na lasema nani hunenepa.

Neno riba lenyewe lina historia iliyo nzito kuliko hesabu. Kwa asili ya Kiarabu maana yake ni ziada au ongezeko, na katika sheria ya Kiislamu ni kitu kilichokatazwa. Kwa Mwislamu wa pwani, kusema kuwa Benki Kuu imetangaza riba si usemi usio na rangi. Wengine husema faida, lakini faida ni neno la biashara, na mwenye kukopesha si lazima awe mshirika katika biashara ya mkopaji. Kuanzishwa kwa huduma za benki zinazofuata sheria hiyo, katika Tanzania na Kenya, kumeifanya tofauti kati ya riba na faida kuwa jambo la mikataba na mahakama. Kamusi inayofasiri neno moja kwa jingine haitamfaa msomaji wa leo.

V. Majina ya fedha kama mashahidi

Anayetaka kujua jinsi bei zilivyokwenda kwa muda mrefu aweza kuyauliza majina ya fedha. Fedha kwa asili ni ile madini nyeupe, maana sarafu zilizoaminiwa pwani katika karne ya kumi na tisa, reale na rupia, zilikuwa za fedha. Pesa ilitoka Bara Hindi. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Wadachi walipotawala Tanganyika waliigawa rupia yao, tangu 1904, katika sehemu 100 zilizoitwa heller. Utawala wao ulikwisha na sarafu zao zikakusanywa, lakini hela imebaki vinywani hata leo. Shilingi ya Afrika ya Mashariki ilianza mwaka 1921, na Unguja iliipokea mwaka 1936. Thumni, ambayo kwa asili ni sehemu ya nane, ikawa jina la sarafu ya senti 50. Mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda kila moja ilifungua benki kuu yake, na tangu hapo shilingi tatu zenye jina moja zimekwenda njia tatu.

Pesa iliyokuwa sehemu ndogo kabisa ya rupia imepanda cheo. Mwaka 2007 katika Kenya, na mwaka uliofuata katika Tanzania, ilianza huduma ya kupeleka fedha kwa simu iitwayo M-Pesa, na jina la sarafu ya shaba likawa jina la mamilioni yasiyoshikika mkononi. Huduma hizo zilileta na maneno mengine: muamala, wakala, na tozo. Tozo ilikuwa neno la makarani hadi Julai 2021, Serikali ya Tanzania ilipoanza kutoza kila muamala wa simu. Katika majuma machache likawa neno la kila baraza, na malalamiko yakafanya tozo hiyo ipunguzwe mwezi Septemba mwaka ule ule. Watu walibishana kama ni kodi au si kodi. Ubishi huo haukuwa wa maneno matupu, maana kodi ina sheria na desturi zake, na mtu aliyekwisha kulipa kodi katika mshahara wake aliona kuwa ametozwa tena wakati wa kumpelekea mama yake fedha hizo hizo. Katika Kenya neno litumikalo zaidi katika jambo hili ni ushuru, ambalo kwa asili ni sehemu ya kumi. Katika Tanzania ushuru umebaki forodhani, sokoni na katika bidhaa chache.

Shahidi aliye wazi kuliko wote ni dala. Hilo ndilo jina walilolipa watu sarafu ya shilingi 5, kwa kuifananisha na dola. Mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa Dar es Salaam katika miaka ya themanini, nauli, kwa kauli ya wengi, ilikuwa dala moja, na wapiga debe wakawa wakiita dala, dala. Gari likapata jina. Desemba 2023 nauli ya masafa mafupi mjini humo ilipandishwa kutoka shilingi 500 hadi 600. Abiria hupanda daladala kila siku, akalipa dala 120, wala hakumbuki kuwa jina la gari ni bei yake ya zamani. Katika neno hilo moja imehifadhiwa historia ya miaka arobaini ya mfumuko wa bei.

VI. Bei isiyotajwa

Sokoni iko namna ya kupanda bei isiyotumia namba hata kidogo. Nyanya huuzwa kwa fungu. Fungu la shilingi 500 lilikuwa na nyanya tano. Leo lina nne. Mwuzaji hajapandisha bei, na akiulizwa atajibu kuwa fungu ni mia tano kama siku zote. Lakini nyanya moja ilikuwa shilingi 100, na sasa ni 125. Imepanda kwa 25 kwa mia. Ndivyo andazi linavyopungua, na ndivyo mkate unavyopata hewa nyingi kuliko unga. Huko shambani mambo hugeuka: mnunuzi wa viazi au vitunguu hutaka gunia lijazwe lumbesa, yaani lishonewe kilemba juu ya mdomo wake, alipe bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo yalikataza jambo hilo, na bado laendelea. Mkulima hupunjwa kwa kipimo kinachokua, na mlaji hupunjwa kwa kipimo kinachosinyaa, na katika ncha zote mbili bei husemwa kuwa ni ile ile.

Kwa hiyo maneno ya vipimo, yaani fungu, kisado, debe, kopo, lumbesa, pamoja na kibaba na pishi za zamani, si mapambo ya kamusi. Ni sehemu ya lugha ya bei, na aziachaye nje hataieleza bei ya kitu chochote kinachouzwa chini ya mwembe.

VII. Bei elekezi na lawama ya mlanguzi

Vitu vikiadimika, Serikali hutangaza bei elekezi. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua nyingi zilipozuia uvunaji wa miwa, sukari iliadimika katika Tanzania na bei yake ikatangazwa kwa namna hiyo. Jina hili lina kasoro. Kuelekeza ni kuonyesha njia, na aliyeonyeshwa njia aweza kufuata nyingine. Lakini mwenye duka aliyepita bei elekezi alitishwa kwa adhabu. Katika mafuta ya petroli hutumiwa jina bora, bei kikomo, ambalo halina shaka: hapa ndipo mwisho. Lugha ya amri isivae kanzu ya ushauri, maana mwenye duka atadai kuwa alishauriwa tu.

Na hapo ndipo linapotokea neno mlanguzi. Kulangua ni kumwuzia mtu kwa bei isiyo ya haki kwa kuwa ana shida. Tanzania ilianza kupanga bei za vitu vingi kwa sheria mwaka 1973. Vitu vilipoadimika mwishoni mwa miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini, bei iliyoandikwa ilikuwa moja, na ile iliyolipwa nyuma ya mlango ilikuwa nyingine. Mwaka 1983 ilianzishwa vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na wengi walikamatwa. Walikuwamo waliostahili. Walikuwamo pia waliokuwa na sabuni na khanga za kuuza, ambao kosa lao lilikuwa kuuza kwa bei iliyowawezesha kununua nyingine. Neno mlanguzi halitofautishi aliyeficha magunia ghalani na aliyenunua ghali akauza ghali.

Hatari hiyo yarudi kila mara msikilizaji anapoambiwa kuwa mfumuko umeshuka naye akaelewa kuwa bei zimeshuka. Akiikuta bei imesimama au imeongezeka, hana maelezo mengine ila ulanguzi. Jirani yake mwenye genge, aliyenunua mzigo alfajiri kwa bei aliyoikuta, hugeuzwa mwizi kwa kosa la kitenzi.

VIII. Usemi ufaao

Dawa yake si kutunga maneno mapya. Neno mfumuko ni zuri, lina mizizi, na limekwisha kuenea. Kinachotakiwa ni liwekewe kitenzi kinacholifaa. Mfumuko ni mwendo, na mwendo haushuki. Hupungua kasi au huongezeka kasi. Aseme msomaji wa habari: bei zinaendelea kupanda, lakini polepole kuliko mwaka jana. Usemi huo ni mrefu kwa maneno machache tu, na hauhitaji mkalimani. Taarifa za Ofisi ya Takwimu zenyewe huwa na sentensi inayoeleza kwamba kupungua kwa mfumuko maana yake ni kupungua kwa kasi ya mabadiliko ya bei. Lakini sentensi hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa habari inapofupishwa.

La pili, kasi isitajwe bila kiwango. Ni vema kusema mfumuko ni 3.1 kwa mia. Ni vema zaidi kuongeza kwamba kilichonunuliwa kwa shilingi 10,000 miaka mitatu iliyopita sasa ni karibu 11,160. Kwa namba ya kwanza mtaalamu hujua nchi inakwendaje. Kwa namba ya pili mama mwenye kikapu hujua kuwa hakuota ndoto. La tatu, panda na pandishwa, shuka na shushwa, vitumiwe kwa uangalifu, kila kimoja mahali pake, ili asiyehusika asilaumiwe na anayehusika asifichwe.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mambo ya bei daftari lipo, nalo husomwa kila mwezi mbele ya watu wote. Lililobaki ni lisomwe kwa maneno ambayo mwenye mali, arudipo sokoni na kikapu chake, ataona kuwa yanalingana na kilichomo ndani yake.